Mlinzi wa Kope

Kazi yangu, ukiniuliza, ni kutazama kope za watu.
Chumba cha nyuma ya duka la dawa, Barani, Malindi:
vitanda viwili, feni moja yenye kikohozi,
na mashine inayochora milima
kila ubongo unapogeuka upande.

Jumanne alilala Kahindi wa Gongoni,
mvuna chumvi, nyayo zimepasuka kama sahani ya zamani.
Sidi, mkewe, alikuja naye, jicho la kushoto limevimba.
"Alikuwa anafukuza fisi," akasema. "Fisi ndiye mimi."
Akacheka. Sisi hatukujua kama tucheke.

Saa nane na robo usiku macho yakaanza mbio
chini ya kope, kama panya ndani ya gunia.
Hapo ndipo mwili, kwa kawaida, hufungwa kamba:
kidevu hulegea, magoti husahau kazi,
mtu hukimbia hadi Mambrui bila kusogeza shuka.
Kahindi hana kamba.
Ngumi ikapaa, ikapiga hewa. Nikaandika saa.

Mimi ninalo la upande wa pili.
Kuna alfajiri naamka na kamba haijafunguliwa:
naona feni, namsikia mwadhini,
na kidole kimoja hakinitii.
Kwetu tuliliita jinamizi, tukalipa kucha na makalio.
Daktari Lali analo jina refu zaidi.
Uzito ni uleule.

Ubishi wao ni wa chai ya saa tisa.
Lali, mzaliwa wa Amu, koti limepigwa pasi hata usiku huo.
Kadzo, aliyewahi kung'oa magego kwa sauti, bila sindano.
Wakichemka hugeuka malenga, nami nimewanakili
nyuma ya fomu ya dawa:

*Ni shina linalopiga, gamba linahadithia,*
*cheche zikishajimwaga, kisa kinajitungia.*
*— Na mtu asiyelala, sauti akasikia,*
*mkono ukamlala, shina gani laingia?*

Asubuhi Kadzo akamketisha Kahindi kitini.
"Mkono wako ni gunia la chumvi. Limelowa."
Mkono ukashuka.
Lakini milima karatasini ilikuwa ya mtu aliye macho,
na macho yenyewe yametulia kama maji ya jaruba.

Lali akapiga meza: "Huyu hakulala!
Anatii tu, kama mtoto wa darasa la kwanza."
"Nani kasema kalala? Wazee wa sayansi
walilibatiza jambo hili usingizi,
na wewe bado unalibembeleza."
Wakaivuta karatasi ileile, kila mtu na ushindi wake,
ikachanika pale pa saa nane na robo.
Nikaiunga kwa plasta.

Nikamuuliza Kahindi, wao wakiwa kwenye chai tena:
ulikuwa unaigiza?
Akafikiri, akisugua kiganja.
"Mkono ulikuwa mzito. Kama niliuzidisha uzito
ili mama daktari asione haya, sijui.
Mtu akiwa na adabu, hawezi kujua."

Hilo sikuliandika. Fomu haina nafasi yake.

Kisha Sidi, mlangoni, mkoba tayari begani:
"Basi mwambieni huo mkono, ukilala, usinipige."
Madaktari wakatazamana.
Neno la mchana hufika kule usiku?
Lali akaandika vidonge. Kadzo akatoa miadi ya Alhamisi.
Sidi alipita dukani akanunua mto wa sufi,
mnene, wa kulala katikati.

Nilirudi kwa miguu kupitia Soko la Zamani,
samaki wa jana wakimwagiwa maji ili waonekane wa leo.
Mwanangu Swabra alikuwa chali, kope zinatetemeka.
Mdomo ukatoa neno nusu: "Shusha..."
Nikangoja. Kushusha nini, halikuja.

Kwa mazoea nikatafuta kalamu.
Saa kumi na mbili na nusu.
Sikumwamsha.